Kamera kuukuu ya USB isiyotambulika kwenye kompyuta ya mezani: mwongozo kamili

Kompyuta ya mezani kwa kawaida haiji na kamera. Ndiyo maana siku mwajiri anapotaka usaili wa video, au ofisi inapoitisha kikao cha Zoom, watu hufungua droo na kutoa ile kamera ya zamani yenye kibanio cha plastiki. Wanaichomeka, kompyuta inanyamaza, na moja kwa moja wanakimbilia mtandaoni kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kamera.

Hapo ndipo muda unapopotea. Kamera isiyotambulika inaweza kuwa na shida sehemu tatu: umeme na waya, draiva, au ruhusa za programu. Kila sehemu ina dalili zake, na dalili zote unaweza kuziona kabla hujapakua faili hata moja. Nitaanza na waya, hata kama unaona ni jambo la kitoto.

Je, kompyuta inahisi kitu chochote?

Kabla ya kuchomeka kamera, fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha uichague kwenye orodha. Kwenye Windows 7 bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, gonga Enter. Iache wazi, halafu chomeka kamera huku macho yako yakiwa kwenye orodha.

Kompyuta ikihisi kitu, orodha nzima itapepesa na kujipanga upya, na spika zikiwa zimewashwa utasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuingia. Kupepesa huko ndicho unachokitafuta. Kama jina la kamera limetokea au halijatokea, hilo tutalifikia baadaye.

Orodha ikibaki tuli, achana kabisa na habari za draiva na ufanye haya:

1. Hamisha kamera kutoka poti za mbele uipeleke nyuma ya kasha, lile ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Poti za mbele zinafika kwenye ubao mkuu kwa waya unaopita ndani ya kasha, na kwenye kompyuta za mtumba si ajabu kukuta waya huo umelegea, au fundi aliyefungua kasha hakuurudisha. Poti za nyuma zimelehemewa kwenye ubao wenyewe.

2. Ondoa habu na ekstensheni. Poti ya USB 2.0 inatoa hadi miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900. Habu isiyo na adapta yake ya umeme inagawa kiasi hicho kwa kila kilichochomekwa, na ukishaweka flashi, kipanya na modemu, kamera inabaki na makombo.

3. Kama ulikuwa unatumia poti ya buluu, jaribu nyeusi, au kinyume chake. Kwa kawaida buluu ni USB 3.0 na nyeusi ni 2.0, ingawa si kila kiwanda kinafuata rangi hizo. Baadhi ya kamera za zamani hazielewani na poti za 3.0.

4. Chunguza waya. Hapa nenda polepole.

Waya wa kamera huumia zaidi sehemu mbili: pale unapoingia kwenye kamera, chini tu ya kibanio, na pale unapotoka kwenye plagi. Kamera ikiwa imechomekwa, shika sehemu ya kwanza kwa vidole viwili na uipinde taratibu kila upande huku ukitazama Device Manager. Orodha ikipepesa unapopinda, waya umekatika kwa ndani ijapokuwa ganda la nje linaonekana zima. Ndani ya waya wa USB 2.0 kuna nyuzi nne. Kwa rangi za kawaida, nyekundu ni volti 5, nyeusi ni ardhi, kijani na nyeupe zinabeba data. Kwa hiyo kamera inayowasha taa yake lakini kompyuta haishtuki, mshukiwa wa kwanza ni uzi wa kijani au mweupe. Fundi mwenye chuma cha kulehemu (soldering iron) anaweza kukata kipande kibovu na kuunganisha upya, rangi kwa rangi. Kazi hiyo ni ndogo, na kwa kamera nzuri inafaa gharama yake.

Tazama pia mdomo wa plagi. Vile vibati vinne vya dhahabu vikiwa na ukungu wa kijani, jambo la kawaida kwa vifaa vilivyokaa miji ya pwani, vifute kwa pamba yenye spiriti, subiri vikauke, kisha jaribu tena.

Kuna hali ya katikati: orodha inapepesa, lakini kinachotokea ni Unknown USB Device pamoja na maneno Device Descriptor Request Failed. Hapo kompyuta imehisi kwamba kuna kitu, ikakiuliza kinaitwa nani, na hakikujibu inavyoeleweka. Watu wengi wakiona ujumbe huu wanadhani wanadaiwa draiva, kumbe mara nyingi ni waya, poti au umeme. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki iishe, kisha washa na utumie poti nyingine ya nyuma. Ujumbe ukirudi, jaribu kamera kwenye kompyuta ya jirani. Ikitoa ujumbe uleule na huko, mgonjwa ni kamera.

Soma namba, usisome stika

Kompyuta ikishahisi kamera, hatua inayofuata ni kujua hasa ni kamera gani. Jina lililoandikwa juu ya plastiki halitoshi. Kampuni nyingi ziliuza kamera za jina moja zikiwa na chipu tofauti ndani, na kamera nyingi za bei nafuu hazina jina la maana hata kidogo. Kila kifaa cha USB, hata hivyo, hubeba namba mbili: ya kampuni na ya bidhaa.

Kwenye Device Manager tafuta kamera chini ya Cameras, Imaging devices, Sound, video and game controllers, au Other devices ikiwa na alama ya mshangao ya njano. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Properties, nenda kichupo cha Details, na kwenye kisanduku cha Property chagua Hardware Ids. Utaona mstari wa namna hii:

USB\VID_046D&PID_0825

Herufi na tarakimu nne baada ya VID ni kampuni, nne baada ya PID ni kifaa. 046D ni Logitech, na 0825 ni C270 yao. 045E ni Microsoft, 041E ni Creative. Ukikuta 0AC8 au 0C45, hizo ni za watengenezaji wa chipu, Z-Star na Microdia, na utazikuta ndani ya kamera nyingi zisizo na jina. Andika namba zako kwenye karatasi.

Bado uko palepale, badilisha Property iwe Compatible Ids. Huu ndio mstari muhimu kuliko yote katika mwongozo huu, na ni nadra mtu kuufungua. Ukiona Class_0E, kamera yako inafuata kanuni ya pamoja ya video inayoitwa UVC, na haihitaji draiva ya kiwanda hata kidogo. Ukiona Class_FF, inazungumza lugha ya kiwanda chake peke yake, na safari itakuwa ndefu.

Tofauti hiyo ina historia yake. Picha ya nukta 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, bila kubanwa, inahitaji takriban megabiti 147 kila sekunde. USB 1.1 ilipitisha 12 tu. Kwa hiyo kila mtengenezaji alibuni namna yake ya kubana picha ndani ya kamera, na draiva yake ndiyo iliyojua kuifungua. USB 2.0 ilipokuja mwaka 2000 na megabiti zake 480, nafasi ikapatikana, na mwaka 2003 kanuni ya UVC ikatolewa. Windows ikaanza kubeba draiva ya UVC ndani yake tangu XP Service Pack 2. Kamera ya kabla ya hapo, na nyingi za miaka michache iliyofuata, ni Class_FF. Kama bado unalo boksi lenye nembo ya Certified for Windows Vista, hiyo ni dalili nzuri kwamba kamera ni ya UVC.

Kama ni Class_0E

CD iliyokuja na kamera iweke kando. Kwa kamera ya UVC, draiva kongwe ya kiwanda ndiyo mara nyingi inayoharibu kazi: mtu aliiweka zamani, Windows ikasasishwa, na sasa kifaa kina alama ya njano, na Properties zake zinaonyesha namba ya hitilafu, Code 10. Irudishe kwenye draiva ya Windows hivi:

1. Bonyeza kulia juu ya kamera, chagua Update driver.
2. Chagua Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list of available drivers on my computer.
3. Hakikisha Show compatible hardware ina tiki, na uchague USB Video Device.
4. Maliza, chomoa kamera, ichomeke tena.

Ikigoma, fungua menyu ya View, washa Show hidden devices, na ufute kila nakala ya kamera hiyo iliyofifia rangi, ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva kila kinapotokea. Kisha zima na uwashe upya kompyuta ukiwa na kamera nje, na uichomeke baada ya Windows kutulia.

Code nyingine chache: 22 inamaanisha kifaa kimezimwa, basi bonyeza kulia na uchague Enable device. 28 ni draiva haipo. 43 ni kifaa chenyewe kuripoti hitilafu, na mara nyingi inakurudisha kwenye waya na poti. 45 ni kwamba unatazama kivuli cha kifaa ambacho hakijachomekwa.

Kamera inayotambulika vizuri halafu ikapotea baada ya dakika chache ina kisa chake. Windows hulaza poti za USB ili kuokoa umeme, na kamera kongwe zikilala haziamki. Nenda Power Options, fungua mipangilio ya juu ya mpango wako wa umeme, na chini ya USB settings uzime USB selective suspend. Pia kwenye Device Manager, chini ya Universal Serial Bus controllers, fungua kila USB Root Hub na kwenye Power Management uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuhurumia, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kama ni Class_FF

Sasa ndipo unapohitaji draiva ya kiwanda, na ndipo penye mitego mingi. Tovuti zinazokuahidi kutafuta draiva zote za kompyuta yako kwa mbofyo mmoja zikwepe. Nyingi zinakuuzia hofu, na baadhi zinakuachia programu usizozitaka. Anza na tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada. Ikikosekana huko, CD ya asili ni salama kuliko faili la mtu usiyemjua.

Kisha kabiliana na ukweli wa biti. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na Windows 10 nyingi ni za 64. Draiva ya biti 32 haiwezi kuingia humo kwa ujanja wowote. Kujua kama draiva uliyonayo inafaa, huna haja ya kuamini ujumbe wa kisakinishi, ambacho mara nyingi kinakataa kwa sababu tu hakitambui toleo la Windows. Fungua kisakinishi hicho kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, kama unavyofungua faili la zip, utafute ndani yake faili lenye mwisho wa .inf, na ulifungue kwa Notepad. Tafuta vitu viwili. Kwanza namba zako za VID na PID: zisipokuwemo, draiva hiyo si ya kamera yako. Pili neno NTamd64: likiwemo kwenye sehemu yenye namba zako, kuna draiva ya biti 64, ukikuta NTx86 peke yake, au hakuna alama yoyote, ni ya 32.

Vyote viwili vikiwepo, acha kisakinishi. Rudi kwenye Update driver, chagua Browse my computer for drivers, na uielekeze kwenye folda yenye lile faili la .inf. Draiva za Vista na Windows 7 za biti 64 wakati mwingine zinakubali kwa njia hii hata kwenye Windows 10. Ukipata Code 52, Windows imekataa saini ya draiva, ule muhuri wa kidijitali unaothibitisha ilikotoka. Njia za kuzima ukaguzi wa saini zipo, sawa na kuzima Memory integrity kwenye Windows Security, lakini mimi sizipendekezi. Hizo ni kinga za kompyuta nzima, na kuziondoa kwa ajili ya kamera ya nukta 640 kwa 480 ni biashara mbaya.

Jambo la mwisho kabla hujafurahia: draiva ikiingia, fungua Properties, kichupo cha Driver, bonyeza Driver Details. Ukiona stream.sys kwenye orodha ya faili, kamera iliundwa kwa mfumo wa kabla ya Windows 7, na programu ya Camera ya Windows haitaiona. Usikate tamaa hapohapo. VLC, ya kuchezea video, na OBS Studio, ya kurekodi na kurusha video, bado zinajua njia ile ya zamani. Kwenye VLC fungua Media, kisha Open Capture Device, chagua DirectShow, na uangalie kama jina la kamera limo. Likiwemo na picha ikatokea, OBS inaweza kuipokea na kuipitisha kwenye Zoom kupitia kamera yake bandia (Virtual Camera), ambayo Zoom huiona kama kamera ya kweli. Njia ndefu, lakini inapitika.

Inatambulika, ila Zoom inasema hakuna kamera

Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Windows 11: Settings, Privacy & security, Camera. Windows 10: Settings, Privacy, Camera. Kuna swichi zaidi ya moja, na ya chini kabisa, inayohusu desktop apps, ndiyo inayosahaulika. Zoom ya kusakinisha, Chrome na Firefox zinategemea hiyo. Halafu ndani ya Zoom yenyewe fungua mipangilio ya Video na uchague jina la kamera, kwa sababu inaweza kuwa imeshikilia kamera bandia ya programu nyingine.

Programu ya Camera ikikupa 0xA00F4244, haioni kamera yoyote. Ikikupa 0xA00F4243, kamera imeshikwa na programu nyingine: funga Skype ya zamani, Teams, kichupo cha kivinjari kilichosahaulika. Kwenye kivinjari, ruhusa hutolewa tovuti kwa tovuti, na ukurasa usioanza na https haupewi kamera. Antivairasi nazo, baadhi yake zina kipengele cha kulinda kamera kinachozuia kimyakimya.

Linux kama mahakama ya rufaa

Kwa kamera za Class_FF, Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, ina huruma ambayo Windows iliiacha zamani. Tangu mwaka 2008 kiini cha Linux kinabeba familia ya draiva iitwayo gspca, iliyokusanya lugha za viwanda vingi vya kamera kongwe, pamoja na uvcvideo kwa zile za UVC. Si lazima uiondoe Windows. Weka Ubuntu au Linux Mint kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Diski yako haiguswi.

Chomeka kamera, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

lsusb
lsusb -t
ls /dev/video*

Amri ya kwanza inakuonyesha zile namba mbili, mfano 046d:0825. Ya pili inakuonyesha draiva iliyoishika na kasi yake. Ukiona Driver=uvcvideo au gspca ya aina fulani, umefaulu. Ukiona kamera ya USB 2.0 inakwenda kwa 12M badala ya 480M, rudi ukatazame waya. Ya tatu ikijibu /dev/video0, fungua programu ya kamera kama Cheese au guvcview uone picha. Kama /dev/video0 ipo lakini programu inanyimwa ruhusa, kwenye Linux iliyosakinishwa jiongeze kwenye kundi la video, toka na uingie upya:

sudo usermod -aG video $USER

Mfano mzuri ni kamera ya PlayStation Eye ya Sony ya mwaka 2007, namba 1415:2000. Kwenye Windows Sony hawakuitengenezea draiva ya kompyuta, lakini kwenye Linux gspca_ov534 inaishika yenyewe, na inatoa fremu 60 kwa sekunde kwa 640 kwa 480. Ukiikuta kwenye rundo la vifaa vya mtumba, nunua.

Linux ikiikataa, na waya ni mzima, na Class ni FF, ningeiacha. Simu ya Android yenye programu kama DroidCam itakupa picha safi kuliko kamera hiyo hata ingefanya kazi.

Ikishawaka

Picha ikiwa na ukungu, zungusha pete iliyozunguka lenzi kwa kucha. Kamera nyingi za zamani hazina fokasi ya kujirekebisha. Sauti ikikosekana, tazama kama kamera ina waya wa pili wa duara wa milimita 3.5: huo ni wa maikrofoni, na unaingia tundu la waridi nyuma ya kasha. Na ukiona mistari myeusi ikitembea juu ya picha chini ya taa za ndani, fungua mipangilio ya kamera utafute kipengele cha Powerline Frequency au Flicker. Kamera nyingi hukaa kwenye hezi 60, na umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Ibadilishe iwe 50.